Mike Mentzer: Mtunisha misuli aliyehubiri mapumziko

ILIKUWA mwezi Juni, 2001, ambapo ulimwengu wa utunishaji misuli ulipokea tanzia mbili mfululizo. Mike Mentzer, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huo katika miaka ya sabini, aliaga dunia Juni 10 akiwa na umri wa miaka 49. Mwili wake ulipatikana na ndugu yake mdogo, Ray, nyumbani kwake Rolling Hills, jimbo la California, Marekani. Moyo wake ulikuwa umesita. Siku mbili baadaye, Ray naye akafuata, akiwa ameugua maradhi ya figo kwa muda mrefu.

Mike hakuwa bingwa wa kawaida. Wengi waliomtangulia, na wengi waliomfuata, waliamini kwamba anayetaka mwili wa nguvu hana budi kushinda kwenye ukumbi wa mazoezi kuanzia asubuhi hadi jioni. Yeye alisimama kidete na kupinga imani hiyo. Alifundisha kwamba misuli haikui wakati mtu anaponyanyua vyuma, bali inakua wakati amepumzika, na kwamba vijana wengi wanaolalamika kuwa hawaoni matunda ya jasho lao si wavivu, bali wanafanya mazoezi kupita kiasi.

Mafundisho hayo yalimletea mataji, wafuasi na maadui. Hata hivyo, maisha yake yanabeba fumbo zito, kwani mtu huyo aliyewahimiza wenzake kuusikiliza mwili aliwahi kuupuuza wake mwenyewe kwa miaka mingi.

Kijana wa Ephrata

Michael Mentzer alizaliwa Novemba 15, 1951, katika jiji la Philadelphia, akalelewa katika mji mdogo wa Ephrata, jimbo la Pennsylvania, katika familia yenye asili ya Kijerumani. Shuleni alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliong'aa, na tangu utotoni alipenda mno kusoma vitabu.

Akiwa bado mvulana mwembamba wa kilo 43 hivi, alivutiwa na picha za wanaume wenye vifua vipana zilizopamba majalada ya majarida ya mazoezi. Baba yake alimnunulia vyuma pamoja na kijitabu cha maelekezo. Kijitabu hicho kilimshauri anayeanza asizidishe siku tatu za mazoezi kwa wiki. Mike aliufuata ushauri huo neno kwa neno.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Alipofika umri wa miaka 15, uzito wake ulikuwa umepanda hadi kilo 75, na aliweza kusukuma chuma cha takriban kilo 168 akiwa amelala chali kwenye benchi. Shujaa wake alikuwa Bill Pearl, mtunisha misuli Mmarekani aliyesifika kwa umbo lililopangika vizuri.

Baada ya kuhitimu masomo ya shule ya upili, Mike alijiunga na Jeshi la Wanahewa la Marekani, alikohudumu kwa miaka minne. Huko ndiko alikouacha utaratibu wa utotoni. Akiiga mabingwa wa wakati huo, alianza kufanya mazoezi siku sita kwa wiki, kila siku kwa zaidi ya saa tatu.

Ni rahisi kuelewa kilichomvuta. Katika enzi hizo, majarida ya mfanyabiashara Joe Weider yalijaa ratiba ndefu, na Arnold Schwarzenegger, aliyekuwa ameanza kutawala mchezo huo, alisifika kwa kuingia ukumbini mara mbili kwa siku. Kijana yeyote aliyeota kuwa kama Arnold aliona njia ni moja tu, nayo ni kuongeza seti juu ya seti.

Shindano lililobadili njia

Mnamo 1971, Mike alishiriki shindano la Mr. America na kumaliza katika nafasi ya 10. Mshindi alikuwa Casey Viator, kijana wa miaka 19 tu, ambaye hadi wakati huo hakuna mdogo kuliko yeye aliyekuwa ametwaa taji hilo.

Mike alimwendea Viator kutaka kujua siri yake. Alishangaa kusikia kwamba bingwa huyo mpya alikuwa akifanya mazoezi mafupi, machache, lakini makali mno, chini ya uelekezi wa mtu aliyeitwa Arthur Jones.

Jones alikuwa mtu wa vituko vingi. Aliwahi kuishi katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo, ambayo leo ni Zimbabwe, akipiga filamu za wanyamapori, kabla ya kurejea Marekani na kuunda mashine za mazoezi zilizopewa jina la Nautilus. Aliamini kwamba ukali wa mazoezi na wingi wa mazoezi haviwezi kukaa chungu kimoja. Mtu akifanya kazi kwa ukali wa kweli, hawezi kuifanya kwa muda mrefu. Na akiweza kuifanya kwa muda mrefu, basi haikuwa kali.

Mike hakupata nafasi ya kuyatumia mafundisho hayo jukwaani papo hapo. Jeraha baya la bega lilimlazimu kukaa nje ya mashindano kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho alisoma kwa bidii, akajiunga na Chuo Kikuu cha Maryland kwa masomo ya kumwandaa kuingia katika udaktari, nia yake ikiwa kuwa daktari wa magonjwa ya akili.

Mizizi ya nadharia

Wazo kwamba mwili una kikomo cha kustahimili mikiki halikuanza na Jones wala Mentzer. Mnamo 1936, mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti jijini Montreal, Canada, alichapisha taarifa fupi kuhusu panya waliokabiliwa na madhara ya aina mbalimbali, yakiwemo baridi kali, majeraha na kulazimishwa kufanya kazi ngumu kwa misuli.

Selye aligundua kwamba miili ya panya hao ilipitia hatua tatu zilizofanana, bila kujali chanzo cha madhara. Kwanza ulikuja mshtuko. Pili, mwili ulijikaza na kuyazoea mateso. Tatu, mateso yalipoendelea bila kukoma, mwili uliishiwa nguvu na kusalimu amri.

Makocha wa michezo waliona kwamba mazoezi nayo ni aina ya mateso. Yakiwa ya kiasi na yakifuatwa na pumziko, mwili hujikaza na kuwa imara zaidi. Yakirudiwa kabla mwili haujatengenea, mwanamichezo huporomoka hadi hatua ya tatu.

Mentzer aliyaeleza haya kwa mfano mwepesi ambao hata asiyesoma sayansi angeuelewa. Alifananisha mazoezi na kuchimba shimo. Kazi ya kwanza ya mwili baada ya mazoezi ni kulifukia shimo hilo. Ni baada ya hapo tu ndipo unapoweza kurundika udongo juu na kufanya kichuguu, yaani misuli mipya. Anayerudi na jembe kabla shimo halijafukiwa, huchimba zaidi. Akiendelea hivyo wiki baada ya wiki, atajikuta ndani ya handaki lenye kina kirefu, akishangaa kwa nini kichuguu hakionekani.

Miaka ya neema

Mike alirejea jukwaani mnamo 1975 na kumaliza wa tatu katika shindano la Mr. America. Mwaka uliofuata, 1976, alitwaa taji hilo.

Mnamo 1978, jijini Acapulco, Mexico, aliandika historia alipotwaa taji la Mr. Universe kwa alama 300 kati ya 300. Hakuna aliyekuwa amewahi kupata alama kamili namna hiyo. Mwaka wa 1979 alishinda kitengo cha uzani wa juu katika shindano la Mr. Olympia jijini Columbus, jimbo la Ohio, tena kwa alama 300. Taji la jumla hata hivyo lilimwendea Frank Zane, mwenye mwili mdogo zaidi. Mwaka uo huo, Ray naye alitawazwa Mr. America kwa upande wa shirikisho jingine.

Katika kipindi hiki Mike aliuza kozi zake za mazoezi kwa njia ya posta, akizipa jina la Heavy Duty. Badala ya seti 20 kwa kila kundi la misuli, alipendekeza chache tu, kila moja ikifikishwa mahali ambapo mtu hawezi tena kuinua chuma hata akijaribu. Badala ya siku sita, alipendekeza tatu au nne.

Alisisitiza pia jambo ambalo wengi walilidharau: daftari. Kila aliyefuata mafundisho yake alitakiwa kuandika tarehe, uzani aliobeba na idadi ya marudio. Daftari halina upendeleo. Ikiwa chuma hakiongezeki na marudio hayaongezeki kwa wiki kadhaa, tatizo liko wazi, na dawa yake ya kwanza si kuongeza kazi bali ni kuongeza siku za kupumzika.

Usiku wa Sydney

Oktoba 1980, Mike alisafiri hadi Sydney, Australia, akiwa miongoni mwa waliotabiriwa kunyakua taji la Mr. Olympia. Schwarzenegger, aliyekuwa amestaafu tangu 1975 na ambaye wengi walidhani amekwenda huko kama mtangazaji, alitokea dakika za mwisho na kujiandikisha kushindana. Wawili hao walirushiana maneno makali katika kikao cha washindani.

Arnold alitangazwa mshindi kwa mara ya saba. Chris Dickerson alikuwa wa pili, Zane wa tatu, naye Mentzer hakuwa miongoni mwa watatu bora. Uamuzi huo ulizua zogo ambalo hadi leo mashabiki hawajalimaliza. Mike alishikilia kwamba Arnold hakustahili taji hilo. Hakushindana tena. Alikuwa bado hajatimiza miaka 29.

Mganga hajigangi

Wahenga walisema mganga hajigangi, na miaka ya themanini ilithibitisha hilo kwa Mentzer. Aliyekuwa akiwaonya watu dhidi ya kuuchosha mwili alikuwa akitumia dawa za kusisimua ubongo, zile zinazomfanya mtu asisikie uchovu wala usingizi, ili aweze kufanya kazi na kuandika kwa saa nyingi. Pia alikiri kutumia dawa za kututumua misuli, kama walivyofanya washindani wengi wa enzi hiyo.

Uchovu ni kengele ya mwili. Anayeinyamazisha kengele kwa dawa hajauzima moto. Amejinyima tu habari za moto huo. Kufikia katikati ya miaka ya themanini, afya ya akili ya Mike ilikuwa imezorota. Alipitia vipindi vya kuchanganyikiwa na akalazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Mwanamume aliyetaka kuwa daktari wa magonjwa ya akili akawa mgonjwa wa madaktari hao.

Ni kwa kudura zake Mola na kwa msaada wa waliompenda kwamba aliinuka tena. Kufikia mapema miaka ya tisini alikuwa amerejea California akiwafunza watu mmoja mmoja, akiandika makala na kuchapisha vitabu. Kitabu chake cha Heavy Duty kilitoka 1993, kikafuatwa na cha pili mnamo 1996.

Safari hii alikwenda mbali zaidi. Alipowaona wanafunzi wake wakikwama hata kwa siku tatu za mazoezi kwa wiki, alipunguza zaidi: seti moja tu kwa kila zoezi, na mapumziko ya siku nne hadi saba kati ya kikao na kikao. Mwingereza Dorian Yates, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara sita mfululizo kati ya 1992 na 1997, aliathiriwa na mafundisho ya Jones na Mentzer, ingawa yeye aliyarekebisha na kufanya kazi zaidi ya kiwango alichopendekeza Mike.

Alipopatia na alipokosea

Sayansi ya leo imemwunga mkono Mentzer katika baadhi ya mambo na kumpinga katika mengine.

Amepingwa kuhusu seti moja. Tafiti nyingi zilizofanywa tangu afariki zinaonyesha kwamba seti kadhaa hukuza misuli zaidi ya moja, ilimradi mtu hajavuka uwezo wake wa kupata nafuu. Tena, si wote wanaohitaji wiki nzima ya mapumziko. Wanyanyuaji uzani wa Bulgaria, chini ya kocha Ivan Abadzhiev, walifanya mazoezi mazito mara kadhaa kwa siku na kutwaa nishani za Olimpiki. Hata hivyo, mfumo huo uliwatupa nje wengi walioshindwa kuustahimili, na katika michezo ya Seoul mnamo 1988 Bulgaria iliondoa timu yake ya unyanyuaji uzani baada ya washindi wake wawili wa dhahabu kupatikana wametumia dawa zilizopigwa marufuku. Kinachowezekana kwa wateule wachache, wenye madaktari na wapishi na pengine dawa, hakiwezi kuwa kanuni kwa kijana anayetoka kazini saa kumi na moja jioni.

Ameungwa mkono kuhusu jambo la msingi, kwamba kazi isiyo na pumziko hudhoofisha. Katika miaka ya tisini, watafiti wa Marekani waliwataka wanyanyuaji kuchuchumaa na uzani wa juu kabisa wanaouweza mara kumi kila siku kwa wiki mbili. Wengi walipoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zao. La kutafakarisha ni kwamba vipimo vya homoni havikuonyesha mabadiliko yaliyozoeleka kwa wakimbiaji waliochoka. Dalili ya kutegemewa ilikuwa moja: chuma kilichobebeka jana hakikubebeka leo. Daftari la Mentzer lilikuwa na maana.

Mnamo 2013, vyama vya wataalamu wa sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani vilitoa msimamo wa pamoja kuhusu hali hii na kuigawa katika ngazi. Ipo ile ya uchovu wa siku chache ambao, ukifuatwa na pumziko, humwongezea mtu nguvu. Ipo ya pili ambapo uwezo hushuka kwa wiki kadhaa bila faida yoyote. Ya tatu, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, humchukua mwanamichezo miezi, na wengine hawarudi kamwe walikokuwa.

Wataalamu hao walieleza kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuithibitisha hali hiyo. Mtu hutazama dalili kwa jumla: nguvu kushuka licha ya siku za kupumzika, usingizi wa mang'amung'amu, kukosa hamu ya chakula, hasira za ovyo, mafua yasiyokwisha, maumivu ya viungo, na ile hali ya kuchukia mazoezi ambayo zamani yalikuwa furaha. Kabla ya kulaumu mazoezi, daktari sharti ahakikishe hakuna maradhi mengine, kama vile upungufu wa damu, matatizo ya tezi au maambukizi ya viini.

Tiba yake haina siri. Mwathiriwa hupunguza mazoezi au kuyasitisha kabisa kwa muda, hulala vya kutosha, hula vyakula vya kutia nguvu na kujenga mwili, kisha hurejea polepole. Kinga ni bora zaidi: kuongeza uzani kwa hatua ndogo, kutenga wiki nyepesi baada ya wiki kadhaa nzito, na kukumbuka kwamba mikiki ya kazini, masomoni na nyumbani huchota maji kutoka kisima kile kile ambacho mazoezi huchota.

Kumbukumbu

Itakuwa si haki kudai kwamba kifo cha Mentzer kilitokana na mazoezi, au kwamba kinabatilisha mafundisho yake. Alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa amepitia mengi: mashindano, dawa, maradhi ya akili na miaka ya upweke. Kitabu alichokuwa akikiandaa na mwandishi John Little kilichapishwa 2003, miaka miwili baada ya mazishi yake.

Katika miaka ya hivi karibuni, kanda zake za zamani zimeanza kusambaa upya katika mitandao ya kijamii. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki wanamsikiliza akieleza, kwa sauti ya upole ya mwalimu, kwamba bidii isiyo na kipimo ni adui wa mafanikio. Baadhi yao wamemgeuza mtume asiyekosea, jambo ambalo yeye mwenyewe, aliyewahimiza watu kutumia akili zao, asingelikubali.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Ndilo funzo ambalo Mentzer alilitoa kwa maandishi yake, na ndilo ambalo miaka yake ya giza ililitoa kwa namna ya kuhuzunisha zaidi. Anayebeba vyuma leo hana haja ya kufuata hesabu zake za seti na siku. Inatosha aweke daftari, alale mapema, na chuma kinapokataa kuinuka kwa wiki ya tatu mfululizo, awe na ujasiri wa kukaa nyumbani.